Matroni na Ncha za Nywele

Mpaka leo sijaweza kuamua kama Matroni alizipenda nywele au alizichukia. Ninajua kwamba swali hilo, likiandikwa hivyo, linaonekana dogo, na pengine msomaji atadhani lina jibu rahisi ambalo mimi, kwa mazoea yangu ya kupindisha yaliyonyooka, nimelikosa. Lakini nimemfahamu mwanamke huyu tangu nikiwa kidato cha kwanza hadi sasa ninapohangaika na tasnifu ya shahada ya uzamili, na kila ninapokusanya ninayoyajua juu yake na kuyapanga upande mmoja, upande wa pili hujaa wenyewe.

Alikuwa matroni wa shule ya bweni ya wasichana wilayani Biharamulo. Wakati wa likizo alikuwa jirani yetu Kirushya, wilayani Ngara, katika nyumba ndogo aliyorithi kwa wazazi wake, iliyotenganishwa na ya kwetu kwa migomba tu. Muhula ulipoendelea alitukata nywele sisi wanafunzi. Muhula ulipofungwa aliketi barazani kwa mama yangu akiwafundisha wanawake namna ya kuzikuza. Mikono ilikuwa ile ile. Hata mkasi, nina hakika karibu kamili, ulikuwa ule ule: mweusi, mpini wake mmoja umezungushiwa uzi wa bluu ili usimchubue kidole.

Nimeanza kumfikiria upya mwaka huu kwa sababu mama yangu amefariki, na kwa sababu katika ukoo wetu matanga hayaondoki mpaka watoto wa marehemu wanyolewe. Nywele zangu zilikuwa zimefika mgongoni. Mama ndiye aliyezilea: alizipaka mafuta ya nyonyo, akazigawa, akazisuka twende kilioni, ile misuko iliyonyooka kurudi nyuma isiyo na mapambo, kila nilipofunga safari ya kurudi chuoni. Nilipaswa kuchagua kati ya kuketi chini ya wembe mbele ya ndugu zangu na kukataa, na katika watu wote niliopata kuwafahamu mmoja tu ndiye aliyewahi kukataa. Ni Matroni.

*

Ukaguzi ulifanyika mstarini, kabla ya kifungua kinywa. Matroni alipita nyuma yetu, si mbele, kwa hiyo hatukumwona bali tulimsikia: viatu vyake, kisha pumzi yake, kisha vidole viwili vikibana nywele za kisogoni kupima kama zinashikika. Zikishikika, zimezidi.

"Hizi za nani?" aliuliza, kana kwamba nywele zingeweza kuwa za mtu mwingine.

"Zangu, Matroni."

"Umezipokea lini?"

"Zimeota zenyewe, Matroni."

"Mgeni asiyealikwa. Toka mstarini."

Hakutumia wembe hata siku moja. Alisema kunyoa ni kazi ya msiba, shuleni tunakata tu. Na baada ya kukata hakumruhusu msichana yeyote afagie. Alizikusanya nywele mwenyewe kwa mkono, akazitia katika kiroba, akaenda kuzifukia kwenye migomba nyuma ya jiko la shule. Wenye ushirikina walisema anaogopa zisichukuliwe na wabaya. Wenye dhihaka walisema ndiyo maana ndizi za shule zilikuwa ngumu.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu, jasiri kuliko sisi sote, alimuuliza siku moja mbele ya mstari mzima: "Matroni, mbona wewe unazo?"

Tulingoja radi. Matroni alijishika kitambaa chake cha kichwani, akakisogeza kidogo, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

"Mimi nimemaliza shule," akasema.

Nimelitafakari jibu hilo mara nyingi kuliko linavyostahili. Wakati ule niliona ni kejeli. Baadaye nilifika kidato cha nne na kugundua kwamba huenda lilikuwa ratiba, kwa maana tulipomaliza mtihani wa mwisho, tukiwa tunangoja magari ya kutupeleka makwetu, Matroni alituita sote kwenye baraza la jiko. Alikuwa na beseni, jagi la maji, kitana chenye meno mapana, na ule mkasi.

"Nimewakata miaka yote," alisema. "Sasa kaeni niwafundishe kulea."

Alitufundisha mchana kutwa, kwa ukali ule ule wa mstarini. Nilielewa siku hiyo jambo ambalo nimelithibitisha baadaye kwa kusoma: nywele zetu hazikatai kukua. Zinakua kichwani kwa kila mtu, polepole, usiku na mchana, kwa tajiri na maskini. Tatizo ni kwamba zinakatika kwenye ncha kwa kasi ile ile ambayo zinaota shinani, na mwenye nazo anabaki na urefu ule ule akidhani amelaaniwa. "Anayelalamika nywele zake hazikui," alisema Matroni, "ni kama anayechota maji kwa ndoo iliyotoboka akilaumu kisima." Mimi leo ninasomea mmomonyoko wa udongo, na ninakiri kwamba sijapata mfano ulio bora zaidi wa kueleza tofauti kati ya udongo unaotengenezwa na udongo unaopotea.

*

Kanuni yake ya kwanza, aliyoisema kabla ya salamu na baada ya kwaheri, ilikuwa hii: usichane zikiwa kavu. Zilowe kwanza, au zipate mafuta kidogo, kisha anza kwenye ncha ukipanda kuelekea shinani, si kinyume chake. Wanawake wa Kirushya waliokuwa wakizoea kuchomeka kitana utosini na kuvuta hadi machozi yatoke walimwona anawachelewesha.

"Matroni, nina maharage jikoni," jirani mmoja alilalamika.

"Maharage unayachambua moja moja bila kulalamika. Kichwa chako kina thamani ndogo kuliko maharage?"

Alichukia msuko wa kubana. Msuko unaokunyima usingizi, alisema, unakunyima na nywele, na aliwaonyesha wasichana vipaji vya nyuso vya mama zao vilivyorudi nyuma kwa miaka ya kuvutwa. Alitaka kichwa kipumzike kati ya msuko na msuko. Alitaka kilale kimefungwa kitambaa laini kinachoteleza. Na zaidi ya yote alitaka kifunikwe safarini, kwa sababu vumbi letu jekundu, kwa maelezo yake, ni msasa: linaingia kati ya unywele na unywele, na kila ukigeuza shingo linasugua.

Kuhusu vumbi hakukosea. Kuhusu mengine mengi alikosea, tena kwa sauti kubwa. Aliamini kwamba chai ya rangi inazifanya nywele kuwa nyekundu. Aliamini kwamba mafuta ya nyonyo yakikamuliwa na mwanamke asiyezaa hayafanyi kazi, ingawa yeye mwenyewe hakuzaa na aliyakamua kila likizo. Nilipomwonyesha ukinzani huo, kwa heshima zote, aliifunga chupa ya mafuta.

"Wewe," akasema, "utasoma mpaka uchoke."

Kisa cha samli ndicho ambacho mama yangu alikipenda kuliko vyote. Kulikuwa na harusi Murusagamba, karibu na mpaka wa Burundi, na wanawake wa kwetu walipanda nyuma ya pikapu kumsindikiza bibi harusi. Matroni aliwalazimisha wote wajifunge khanga kichwani kwa ajili ya vumbi, jambo lililokuwa sahihi. Lakini usiku wa kuamkia safari alikuwa amempaka bibi harusi samli ya ng'ombe kichwani, nyingi, ili nywele zing'ae. Jua lilipopanda, samli ikayeyuka chini ya khanga. Walipofika na khanga kuondolewa, nzi wa kijiji kizima walihamia kwa bibi harusi, na mbwa wa wakwe akakaa miguuni pake sherehe nzima, akimtazama kwa imani.

"Matroni, huyu bibi harusi ni wa kuolewa au wa kukaangwa?" mama alimuuliza kwa kunong'ona.

"Zinang'aa au hazing'ai?"

"Zinang'aa."

"Basi nyamaza."

Mama alicheka mpaka akaketi chini. Kila aliposimulia kisa hiki aliketi chini tena mahali pale pale pa hadithi, na sisi watoto tulijua ni wakati wa kumsogezea kiti.

Aliwakataza watu kuweka dawa za kulainisha nywele, akisema dawa inayochoma ngozi haiwezi kuwa rafiki wa kilichopandwa kwenye ngozi. Hata hivyo nilimkuta mara moja, mimi mwenyewe kwa macho yangu, ndani ya saluni mjini Biharamulo, ameketi chini ya lile kofia kubwa la kukaushia, macho ameyafumba kwa raha. Nilimwamkia kwa mshtuko: "Shikamoo, Matroni."

Hakufungua macho. "Marahaba. Nimekuja kukagua."

Sijui alikuwa amewekwa nini kichwani siku ile. Sikuthubutu kuuliza, na kwa kweli hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuthibitisha, maana kitambaa chake hakikutoka mbele za watu. Tulijua tu kwamba anazo, kwa ule uvimbe wa heshima uliojitokeza kisogoni. Chuoni, wenzangu wa bwenini walipokuwa wakitazama kwenye simu video za wasichana wakipima nywele zao kwa rula na kuonyesha chupa zao, mimi niliwaza kwamba mtaalamu pekee niliyemwamini ni yule ambaye matokeo yake sikuwahi kuyaona. Kwa mtu anayejifunza utafiti, hiyo si hali ya kujivunia.

*

Nije sasa kwenye mume wake, ambaye nilimwona mara chache na ambaye bila yeye siwezi kueleza chochote.

Alikuwa Msukuma, mmoja wa wafugaji waliohamia Kaniha kutoka Shinyanga, mrefu, mkimya, mwenye vidole vinene kama vitako vya mikuki. Kila Jumapili mchana, Matroni alipotoka shuleni na kuwa nyumbani kwao Kaniha, mzee huyo alitoa kigoda nje, akaketi, mkewe akakaa chini kati ya magoti yake, na akamchana nywele. Hakujificha. Wanaume waliopita njia iliyokatiza uani kwao walisimama wakacheka.

"Mzee, umemaliza kuchunga ng'ombe, sasa unachunga chawa?"

"Ng'ombe hawajawahi kuniambia asante," alijibu, na kuendelea kuchana, kutoka kwenye ncha kuelekea shinani.

Alifariki nikiwa bado mwanafunzi wa sekondari, wakati wa likizo. Siku ya kunyoa, shemeji na mawifi walimwekea Matroni kiti, maji na wembe. Matroni akasema hanyoi. Wakadhani ni uchungu, wakamwacha apumzike, wakarudi. Akasema hanyoi. Habari hiyo ilivuka wilaya na kutufikia Ngara kabla yake, na wanafunzi tuliokuwa tumepoteza nywele zetu mikononi mwake tulishindwa kujua tucheke au tuogope.

Nimekusanya sababu alizozitoa. Kwa katekista alisema kwamba imani yake haimruhusu. Kwa mawifi alisema yeye ni mtumishi wa serikali na hawezi kusimama mbele ya wanafunzi na kichwa kitupu, sababu ambayo kwetu sisi, tuliosimama mbele yake na vichwa vitupu kila wiki, ilikuwa ngumu kumeza. Kwa wazee wa ukoo alisema ana jipu. Kwa mama yangu, siku moja wakimenya ndizi, alisema tu: "Alikuwa akizichana." Mama aliniambia hivyo baada ya miaka, na akaongeza kwamba alipomtazama Matroni alikuwa ameinamia ndizi kana kwamba hakusema kitu.

Nilichukua sababu hiyo ya nne kuwa ndiyo ya kweli, kwa kuwa ilikuwa fupi na haikumsaidia. Ukoo haukumfukuza. Walifanya jambo la taratibu zaidi: waliihamisha njia. Ile iliyokatiza uani kwake, ambamo watu walikuwa wakipita wakisalimia, iliachwa ikaota nyasi, na nyingine ikachongwa mbali, nyuma ya mashamba ya mahindi. Matroni alipostaafu alihamia kabisa pale pale Kaniha, katika nyumba isiyopitiwa na mtu.

*

Nilikwenda kumwona siku chache kabla ya Jumamosi ya kunyoa. Niliteremka kwenye barabara kuu, nikachukua bodaboda, na dereva, kwa mazoea, alinipitisha njia mpya, ikabidi nishuke na kukatiza majani kwa miguu.

Alikuwa akianika maharage. Amezeeka, ila mgongo umebaki wa mstarini.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Vua kitambaa."

Nilivua. Hakunipa pole kwanza; alinizunguka, akaja nyuma yangu, na vidole viwili vikanishika kisogoni. Kisha vikasogea, vikasimama nyuma ya sikio la kushoto, mahali ambapo palikuwa na uwazi wa mviringo, laini kabisa, usiozidi kisoda cha chupa. Nilikuwa sijamwonyesha mtu yeyote.

"Hizi hazikukatika," alisema. "Zimenyonyoka na mizizi. Tangu lini?"

"Tangu mama."

Nilisikia kuku wakitafuta ujasiri wa kuyakaribia maharage.

"Kichwa chako kimeanza kunyoa chenyewe," akasema. "Hakikumngoja shangazi yako na wembe wake." Hapo ndipo aliponishika bega na kuniambia pole, na sauti yake ikakatika katikati ya neno hilo fupi.

Alinichotea maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati, akaniosha, akaanza kuchana. Nilimweleza shida yangu kwa mpangilio niliokuwa nimeuandaa njiani: kwamba nikikubali, ninapoteza kitu cha mwisho ambacho mikono ya mama ilikishughulikia, kwamba nikikataa, ninamdhalilisha baba mbele ya ukoo na kuwaacha wadogo zangu wanyolewe peke yao, kwamba hoja zote mbili zina uzito sawa na nimeshindwa kulala. Kwamba yeye alikataa, na kwa hiyo nimekuja kwake.

"Unataka nikuambie kataa, au unataka nikuambie kubali?"

"Nataka uniambie lililo sahihi."

"Lililo sahihi lipo kwenye vitabu vyako."

"Vitabu vyangu ni vya udongo, Matroni."

"Basi kaulize udongo. Mimi nilikuwa nakagua usafi."

Alipomaliza kichwa changu, akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alikaa kwenye kigoda, akavua kitambaa chake. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote, nene, zimefika mabegani na kuishia hapo kwa mstari ulionyooka. Akazigawa, akashika fungu moja kati ya vidole, akauchukua ule mkasi wa uzi wa bluu na kukata ncha, kiasi cha upana wa vidole viwili. Kisha fungu la pili. Alivyokuwa akikata alieleza, kwa sauti ya baraza la jiko, kwamba ncha ndiyo sehemu kongwe ya unywele, imechoka, imepasuka, na usipoiondoa mpasuko unapanda juu. Kwamba amefanya hivi kila mwisho wa muhula tangu ujana, na hata baada ya kustaafu hajaacha kuhesabu mihula.

Laiti ningekuwa mtu mwingine, ningesikiliza tu. Lakini akili yangu ilishaanza kukokotoa bila ruhusa yangu. Nywele hukua kutoka shinani. Kilichoko kwenye ncha leo kilikuwa ngozini miaka kadhaa iliyopita, na kutoka ngozini hadi mabegani si safari ndefu sana. Alikuwa akikata kiasi kile kile kilichoongezeka, ndiyo maana zilibaki mabegani. Mume wake alikuwa amefariki miaka mingi zaidi ya hiyo. Kwa hiyo hakukuwa na hata unywele mmoja katika kichwa kile ambao mzee aliwahi kuugusa. Zote zilikuwa zimekwisha kuondoka, na zilikuwa zimeondolewa na mkasi wake mwenyewe, kwa uangalifu, kwa kufuata kanuni.

Nilijiambia nisiseme. Nikasema.

"Matroni... zile alizozichana mzee. Hazipo tena."

Mkasi ulisimama. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na shahada zangu.

"Ulifikiri sijui?" aliuliza. Hakuwa na hasira. Alionekana kushangaa tu kwamba nimechelewa. "Niliwaambia sinyoi. Sikuwaambia sitamzika. Wao walitaka aondoke kwa asubuhi moja, kabla jua halijapanda. Mimi nilimtoa kidogo kidogo." Akaonyesha kwa mkasi shina la mgomba nyuma ya jiko. "Yuko pale. Ncha ya mwisho aliyoishika iko pale."

"Ulijuaje kwamba ni ya mwisho?"

"Sikujua," alisema Matroni. "Ndiyo maana siku hiyo sikulia."

Alikata fungu lililobaki, akakung'uta ncha zote kwenye kiganja, akaenda kuzifukia. Aliporudi nilimuuliza, maana nilikuwa nimevurugika kabisa, kama basi hakukuwa na tofauti yoyote kati ya kunyoa na kutonyoa.

"Tofauti ipo," alisema, akifunga kitambaa chake. "Njia waliihamisha."

Nilimwomba anikate ncha kidogo, nipate angalau kitu cha kuondoka nacho. Alikataa. Alisema hakati nywele za mtu asiyejua anazipeleka wapi. Nilirudi Kirushya nikiwa na kichwa kisafi na mawazo machafu kuliko nilivyoondoka.

*

Jumamosi asubuhi walinyolewa uani, mbele ya jiko la mama. Kaka yangu alitangulia, wakafuata wadogo zangu wawili, na vichwa vyao vilipotokea, vidogo na vinavyofanana, niliona kwa mara ya kwanza kwamba wote tuna umbo la kichwa cha mama. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyeshika wembe. Nilisimama mlangoni bila kutoka.

"Na huyu msomi?" Shangazi alipaza sauti. "Au kichwa chenye shahada hakinyolewi?"

Wanawake walicheka kidogo, kisha wakaacha, kwa sababu Matroni alikuwa ameingia uani kutokea upande wa migomba. Alikuwa amesafiri kutoka Kaniha tangu alfajiri na alikuwa mwekundu kwa vumbi hadi kwenye kope, isipokuwa kichwa, kilichofungwa. Nikasikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Ndiye yule aliyekataa," na nafasi ikaachwa pembeni yake kwenye mkeka. Hakunitazama. Aliketi katika ile nafasi kama vile ameitengewa kwa heshima.

Nilimngoja anipe ishara. Hakunipa, na nilipokuwa nikimtazama nilirudia hesabu yangu ya Kaniha, safari hii kwa kichwa changu. Ncha zangu ndizo alizozisuka mama. Zitaondoka, hilo halikuwa na njia mbili. Wembe ukiniepuka zitachukuliwa na mkasi, na mkasi ukiniepuka zitakatika zenyewe chuoni, kwenye mto, kwenye kitana, siku isiyojulikana, nikiwa nawaza mambo mengine. Matroni hakuijua siku yake. Mimi nilitaka kuijua ya kwangu, na nilitaka watu waliomfahamu mama wawepo.

Nikatoka, nikaketi.

Shangazi alishangaa kidogo. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Nilifumua mwenyewe misuko niliyojisukia niliporudi kutoka Kaniha, mmoja mmoja, kuanzia kwenye ncha. Wembe ulikuwa baridi. Nywele zilipoanza kuangukia khanga iliyotandazwa mapajani mwangu nililia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba, na hakuna aliyeniambia ninyamaze. Shangazi alipofika nyuma ya sikio la kushoto alisita, akapapasa, akauelewa ule uwazi, na akapita hapo taratibu kuliko kwingine kote, ingawa hapakuwa na kitu cha kunyoa.

Ilipokwisha, Matroni aliinuka bila kuombwa, akakusanya nywele zangu kwa mkono, zote, kama alivyofanya shuleni. Ni kazi ya ukoo ile, na yeye si wa ukoo, na zaidi ya hayo yeye ni yeye. Shangazi alimtazama. Kisha akachukua jembe lililoegemezwa ukutani na kumpa.

"Chini ya mgomba wake ule," alisema. "Alioupenda."

Walikwenda wawili. Waliporudi Matroni alimimina mafuta ya nyonyo viganjani, akayasugua yakapata joto, akanipaka kichwa kizima bila haraka. Kisha akasimama nyuma yangu, mahali pake pa zamani, na kwa sauti ya mstarini, ile iliyowahi kunifanya nitetemeke, akanipa kanuni ya kwanza:

"Usichane zikiwa kavu."

Uani palilipuka kwa kicheko. "Achane nini, Matroni?" jirani aliuliza huku akijifuta macho. "Si kichwa kimebaki kama kibuyu?"

"Zitakuja," alisema Matroni, na hakuwa akicheka.

Nilijaribu, hata wakati ule, kuamua kama hiyo ilikuwa faraja au amri. Sikuweza. Nilinyoosha mgongo, nikaitikia kama tulivyokuwa tukiitikia sote zamani, vichwa vitupu, kabla ya kifungua kinywa:

"Ndiyo, Matroni."